Kashe tembezi: kwa nini kopo linalohama lilifukuzwa mchezoni

Binamu yangu anayesoma Tabora alinitumia ujumbe usiku, saa nne na kitu. "Kaka, kashe huku kwetu ni za kutafuta kwa tochi. Kwa nini tusitengeneze moja tu, halafu iwe inatembea? Leo Tabora, kesho Urambo, mwezi ujao iko kwako Kigoma." Kashe ni chombo kilichofichwa, chenye daftari ndani, ambacho wachezaji wa jiokashingi hukitafuta kwa GPS wakifuata kodineti, yaani namba zinazoonyesha mahali kilipo. Nikamjibu kwamba wazo lake si jipya, watu wamelicheza miaka mingi, na mtandao mkubwa kuliko yote wa mchezo huo, Geocaching.com, umelifuta. Akanirudishia alama tatu za kuuliza, basi.

Nilijua kinachomkera. Ukilisikia mara ya kwanza, katazo hilo halina kichwa wala miguu. Mchezo wenyewe ni wa kutafuta vitu vilivyofichwa; sasa kitu kinachohama si ndiyo raha yenyewe? Isitoshe, ndani ya mchezo huohuo kuna vibati vidogo vya chuma vinavyozunguka dunia nzima na hakuna anayevikataza. Kwa hiyo kuhama si kosa. Kosa liko kwingine, na ili tulione inabidi tuanzie kwenye ndoo.

Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani ilikuwa inavuruga kwa makusudi ishara za GPS wanazopokea raia, usahihi wa kweli ukibaki kwa jeshi. Kifaa cha mkononi kiliweza kukupoteza hata mita 100. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uvurugaji ule ukazimwa, na vifaa vilevile vilivyokuwa vinabahatisha jana yake vikaanza kukufikisha ndani ya mita kumi au ishirini. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alibeba ndoo nyeusi hadi msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaiacha huko, kisha akatangaza kodineti zake kwa wapenzi wa GPS kwenye intaneti. Ndani mlikuwa na daftari, mpini wa manati, kopo la maharage na vikorokoro vingine. Masharti yalikuwa mafupi: chukua kitu, acha kitu, andika daftarini. Mwezi haujaisha, Matt Stum akapendekeza jina tunalolitumia, jiokashingi, ambalo mzizi wake wa pili ni neno la Kifaransa la kuficha. Septemba 2 mwaka huohuo Jeremy Irish akafungua Geocaching.com, na kashe zilizojulikana wakati huo duniani kote zilikuwa 75.

Iangalie ile ndoo vizuri, maana kuna mambo matatu yamefungwa pamoja. Kuna chombo. Kuna mahali chombo kilipo. Kuna na maandishi yanayosema chombo kipo mahali hapo. Kashe ya kawaida ni ndoa ya hayo matatu, na inakwenda vizuri kwa sababu hakuna hata moja linalobadilika: ndoo haitembei, kichaka hakihami, kodineti zimeandikwa mara moja zikaisha.

Kashe tembezi inachezwa hivi. Mwenyewe anaficha kopo na kutangaza kodineti. Wewe unakwenda, unalipata, unaandika jina lako. Badala ya kulirudisha palepale kama ilivyo ada, unaondoka nalo, unalificha kwingine unakopachagua wewe, unapima kodineti mpya na kuzituma. Ukurasa wa kashe unasahihishwa, na anayefuata anaanza upya. Waliocheza kombolela utotoni wataelewa haraka: ni kombolela ambayo kila aliyeona anakuwa ndiye mfichaji. Nyingine zilikuwa na masharti yake, kwamba kopo lisivuke mpaka wa jimbo, au lisikae na mtu nyumbani zaidi ya siku kadhaa.

Hapo watu huchanganya mambo, kwa hiyo ngoja niyatenganishe kabla sijaendelea. Kuna kashe ya hatua kadhaa: unafika kituo cha kwanza, unapata kodineti za cha pili, na kuendelea. Hiyo haihami, anayehama ni wewe. Kuna kashe ambayo mwenyewe ameisogeza kidogo kwa sababu mti umekatwa au wamejenga ukuta. Hiyo imehama mara moja, kwa mkono wa mwenyewe, na mtandao unamruhusu kufanya hivyo mwenyewe hadi mita 161. Zaidi ya hapo anamwomba mkaguzi. Zamani kulikuwa pia na kashe zisizo na mahali kabisa, ambapo uliambiwa, kwa mfano, utafute mnara wa saa popote duniani na upeleke kodineti zake. Hizo zilifungwa mwanzoni mwa 2006 na wapenzi wake wakahamishiwa kwenye mtandao wa Waymarking. Na kuna vibati vya Travel Bug, nitakavyovirudia kwa kirefu kwa sababu ndivyo vinavyofungua fumbo zima.

Kashe tembezi hazikuzuka tu na GPS, zina ukoo mkongwe. Mwaka 1854 huko Dartmoor, Uingereza, mwongoza wageni aitwaye James Perrott aliacha chupa kwenye kidimbwi cha Cranmere, mahali pagumu kufika, ili waliofika waache kadi zao za jina. Baadaye mchezo ukakua: ukifika kwenye sanduku unaacha postikadi yenye anwani, na atakayekuja baada yako anaichukua na kwenda kuiposti. Huko ndiko lilikotoka jina la mchezo wao, sanduku la barua. Sanduku lilikaa, barua ndiyo iliyosafiri. Shika hilo.

Sasa turudi kwa binamu na kopo lake la Tabora hadi Kigoma. Tatizo la kwanza ni ruhusa, na mimi naliona ndilo lililoua kashe tembezi, hata kama watu wanapenda kutaja mengine. Kwenye Geocaching.com kashe haitokei hewani. Mkaguzi wa kujitolea anaiangalia kwanza: je, iko angalau mita 161 kutoka kwa nyingine? Mwenye ardhi ameafiki? Haijawekwa kwenye uwanja wa shule, kiwanja cha ndege, au chini ya daraja kuu? Haijafukiwa ardhini bila ruhusa? Mkaguzi akiridhika, anaipitisha. Kashe tembezi inapitishwa mara moja tu, ikiwa mahali pake pa kwanza. Pa pili, pa tatu na pa thelathini hapajapita kwa mtu yeyote. Anayepachagua ni mgeni aliyelipata kopo jana, huenda hajui hata kanuni zipo, na anayelaumiwa mambo yakiharibika ni mwenye kopo aliye kilomita mia kadhaa kutoka hapo.

Kwetu ruhusa si karatasi ya kupamba. Kopo lililofungwa vizuri kwa selotepu na kusukumizwa kwenye mizizi ya mwembe lina tafsiri tatu mtaani, na hakuna hata moja inayosema mchezo. Ama ni mali ya wizi iliyofichwa, ama ni kitu cha mganga, ama, likiwa karibu na bandari au stesheni, ni la kuitiwa polisi. Mwenyekiti wa mtaa akijua, yote hayo yanaisha kwa sentensi moja: "Liacheni, ni la wale vijana wa ramani." Lakini mwenyekiti wa Ujiji hana mamlaka Gungu, na wa Gungu hana mamlaka Kibirizi. Kopo likihama mtaa, ruhusa yake inabaki nyuma.

Tatizo la pili ni kodineti zenyewe, na hapa mikono ya watu ina maajabu. Kashe ya kawaida hupimwa na mwenyewe kwa utulivu, labda mara tatu, siku tofauti. Ikiwa imekosewa, watu kumi wa kwanza wanasema, inarekebishwa. Kodineti za kashe tembezi hupimwa mara moja, na mtu mmoja, mara nyingi akiwa na haraka ya kuondoka kabla hajaonekana, na kabla hazijasahihishwa kopo limeshahama tena.

Mji wa Kigoma uko karibu nyuzi 4 na dakika 53 kusini, nyuzi 29 na dakika 38 mashariki. Wachezaji huandika nyuzi na dakika, dakika zikiwa na desimali tatu, na tarakimu ya mwisho kwenye latitudo ni sawa na mita 1.85 hivi ardhini. Ramani ya simu yako haiandiki hivyo. Inaandika nyuzi tupu kwa desimali, na kusini inawekewa alama ya kutoa. Mtu asiyejua tofauti anachukua 4 na 53 anaziandika 4.53, na 29 na 38 anaziandika 29.38. Inaonekana ni kitu kilekile. Lakini 53 ni sehemu ya 60, siyo ya 100. Kopo lililofichwa Mwanga, hapahapa Kigoma, linajikuta ziwani, karibu kilomita 48 kaskazini-magharibi ya mji, mahali ambapo hata mvuvi wa dagaa hana shughuli napo. Ukisahau kusini ukaweka kaskazini, unatua Sudan Kusini, si mbali na mji wa Maridi. Ukikosea mashariki na magharibi, uko bahari ya Atlantiki, upande wa Brazili. Sisi tulio kusini mwa Ikweta tuna njia nyingi za kupotea.

La tatu ni dogo machoni lakini liliwaudhi sana wapenda hesabu. Ukurasa wa kashe una kodineti moja tu kwa wakati mmoja. Tuseme ulilipata kopo Tabora, ukawekewa alama ya tabasamu kwenye ramani, ukahesabiwa. Mwezi ujao liko Kigoma: ramani inaonyesha ushindi wako Kigoma, mji ambao hujawahi kuukanyaga. Mwaka ujao liko Bujumbura, na wewe umevuka mpaka bila pasipoti. Kumbukumbu za watu wote waliolipata huburutwa nyuma ya kopo kama kamba ya mbuzi. Mimi binafsi nisingekosa usingizi kwa hilo, ila mtu aliyejenga rekodi ya miaka kumi kwa kujivunia usahihi wake anaona anadhulumiwa.

La nne ni mwenyewe. Kanuni inamtaka mwenye kashe aweze kuitunza: daftari likilowa abadilishe, kopo likipasuka alete jingine. Kutoka Kigoma hadi Tabora kwa reli ni karibu kilomita 400. Nani atapanda treni kwenda kubadilisha daftari la shilingi mia tano? Na akipanda, atalikuta? Ndiyo maana kashe tembezi nyingi hazikufa kwa ajali, zilifia mikononi. Mtu anaichukua Ijumaa akikusudia kuificha Jumapili, anapata safari, anaumwa mtoto, kopo linakaa juu ya kabati. Hakuiba. Hakuna wa kumshitaki. Lakini kwa mchezo, kopo lililo juu ya kabati la mtu halipo.

Ujiji ina kumbukumbu ya zamani ya jambo hilihili. Mwaka 1871 David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa hoi, amebakiwa na tumaini moja: shehena aliyotumiwa kutoka pwani, ambayo ilitakiwa iwe inamsubiri. Aliyekabidhiwa alikuwa ameshaiuza yote. Muda mfupi baadaye akafika Henry Morton Stanley, na mkutano wao ndio watalii wanaofuata hadi leo pale kwenye kumbukumbu. Wachache wanakumbuka ile shehena. Mzigo uliopita mikono mingi kutoka Zanzibar, kila mkono ukiwa mbali zaidi na aliyeutuma, ulifika hadi mji uliokusudiwa na ukapotelea kwenye mkono wa mwisho. Huo ndio mwendo wa kashe tembezi nyingi.

Sasa vibati. Travel Bug ilianza 2001. Ni kibati cha chuma cha aina ile wanayovaa askari shingoni, kimechongwa namba ya siri, na kwa kawaida kimefungwa kwenye kitu kidogo: kijigari, kidoli, kishikizo cha funguo. Mwenyewe anakipa kazi, kwa mfano kifike kwenye ziwa refu kuliko yote Afrika, na hilo ni letu. Anakitumbukiza kwenye kashe. Wewe ukiipata kashe hiyo unakichukua, unaandika mtandaoni kuwa unacho, unakisafirisha hadi kashe nyingine, unakiacha. Kilomita zake zinahesabiwa. Namba ya siri ndiyo ushahidi kwamba ulikishika mkononi, maana haionyeshwi hadharani kwenye ukurasa wake. Kuna wajanja wanaotumiana picha za namba na kujihesabia vibati ambavyo hawajaviona. Hao wapo katika kila mchezo.

Kwa nini kibati kinaruhusiwa na kopo halikuruhusiwa, wakati vyote vinapita mikono kwa mikono? Jibu lilinijia nikiwa stesheni ya Kigoma nasubiri mzigo. Behewa linahama. Stesheni haihami. Kibati ni behewa: kinasafiri, lakini kila kinapotua kinatua ndani ya kashe iliyokwisha kukaguliwa, yenye ruhusa, yenye kodineti zilizopimwa, yenye mtu anayeitunza. Hakiombi mahali papya. Kikipotea, na vinapotea sana, hasara ni ya kibati peke yake. Stesheni ziko palepale. Kashe tembezi ilitaka kuwa behewa na stesheni kwa pamoja. Kila iliposimama, ilidai kwamba hapo sasa ni stesheni. Postikadi za Dartmoor zilishajua siri hii karne nyingine kabisa: barua itembee, sanduku likae.

Fikiria pia Mwenge wa Uhuru. Unazunguka nchi nzima, lakini hakuna unapolazwa chini ya mti ili mkoa unaofuata uutafute. Mkoa mmoja unaukabidhi kwa mwingine mbele ya watu, risala inasomwa, anayeupokea anajulikana kwa jina na cheo. Kinachoulinda si moto wake, ni kukabidhiana. Kibati nacho kina namna yake ya kukabidhiana, japo dhaifu: mtandao unajua nani alisema anacho. Kopo lililo kichakani kati ya mtu aliyeondoka na mtu ambaye hajafika halimo mikononi mwa yeyote.

Vibati vimefika mbali kuliko kopo lolote. Mwaka 2008 Richard Garriott, aliyejilipia safari ya anga, alipeleka kibati kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga na kuweka kashe hukohuko. Na chombo cha Perseverance kilichotua Mars Februari 2021 kina kipande cha kioo cha plastiki cha kofia ya mwanaanga, kimefungwa kwenye kibao cha kusawazishia SHERLOC, kifaa chake cha kuchunguzia miamba, na juu yake kuna namba ya kufuatilia. Mchokozi anaweza kuuliza: kashe iliyo kwenye kituo cha anga, kinachoizunguka dunia mara moja kila dakika 90 hivi, si ndiyo tembezi kuliko zote? Kwa kilomita, ndiyo. Lakini hakuna mtu anayeipata na kuihamishia kwake, na kabati lake linajulikana. Ni stesheni inayokimbia sana.

Kashe tembezi mpya zilikuwa zimezuiwa miaka mingi. Chache za zamani ziliachwa ziendelee, kama wapangaji wa kale ambao mwenye nyumba hana moyo wa kuwatoa. Mwaka 2017 makao makuu yakazifunga. Waliozipenda walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na haki ndani yake: baadhi ya makopo hayo yalikuwa yametembea miaka na miaka, madaftari yamejaa majina, na kila mahali papya paliwapeleka watu kwenye kona ambazo wasingezijua. Hilo sitalipuuza. Mchezo wa kashe za kawaida katika mji mdogo unakwisha. Ukishazipata zote umezimaliza. Kopo moja tembezi halimalizwi.

Hapo ndipo hoja ya binamu ilipo na nguvu. Kwenye miji iliyojaa kashe, kashe tembezi ni kiburudisho cha ziada. Kwetu magharibi, ambako wachezaji ni wa kuhesabu, kopo moja linaweza kumlisha kila mtu. Lakini hesabu hiyohiyo inageuka upande wa pili: kopo linalohama linahitaji mtu wa kulikimbilia haraka kabla mvua, mbuzi au mpitanjia hawajawahi. Penye wachezaji wengi linakaa kichakani siku mbili. Kwetu litakaa miezi. Mahali panapolitaka zaidi ndipo linapopotea upesi.

Asiyeweza kuishi bila kuhama ana njia. Mtandao wa Opencaching wa Poland umekuwa na aina yake maalumu ya kashe tembezi, wakikubali hatari zake. Kuna pia GeoKrety, vibati vya bure vilivyobuniwa na Wapoland, ambavyo unaweza kuvichapa mwenyewe kwenye karatasi. Kret kwa lugha yao ni fuko, yule mnyama anayeingia ardhini hapa na kutokea kule. Au cheza ndani ya kundi la watu mnaojuana, nje ya mtandao wowote. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi, na sasa nikiri yaliyotupata.

Tulikuwa sita, kundi la WhatsApp, kopo la Blue Band la zamani limeoshwa kwa maji moto. Ndani daftari dogo, penseli, kete moja ya bao na sarafu ya shilingi mia mbili. Kwenye mfuniko niliandika kwa kalamu ya wino mzito: UKILIPATA, ANDIKA JINA, LIHAMISHE, TUMA KODINETI. Mahali pa kwanza palikuwa Ujiji, chini ya mwembe, na mwenyekiti wa mtaa nilimweleza mwenyewe, akacheka akasema mna muda. Wa pili akalihamishia Mwanga. Wa tatu ndiye aliyetupeleka ziwani, ile 4.53 siyo hadithi ya kutunga. Siku tatu tunabishana kundini kama kuna kisiwa kule. Hakipo. Wa nne akalipata baada ya kupigiwa simu na kuelekezwa kwa mdomo, na akalipeleka Kibirizi, karibu na wanakopandia boti za kaskazini. Kodineti alizotuma zilikuwa safi kabisa. Mwenyekiti wa huko hakuna aliyemwambia.

Wa tano alikwenda, hakuna kitu. Mimi nikaenda, hakuna kitu. Tukaandika kundini kwamba limeibiwa, na kwa wiki saba tuliamini hivyo.

Nililiona siku niliyokwenda kununua dagaa. Lilikuwa juu ya meza ya mbao, kati ya mizani na mafungu ya migebuka iliyokaushwa, mfuniko wake umenitazama kwa mwandiko wangu mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Dagaa au migebuka?"

"Dagaa, mama. Samahani, hilo kopo umelipata wapi?"

Akaligeuza kidogo, kama mtu anayehakikisha tunazungumzia kopo moja. "Hili nililikuta pale kwenye mizizi, palipokatwa ule mti. Mvua ilikuwa inakuja. Nikasema nikiliacha litaloa, na mwenyewe atakosa. Nimelikalisha hapa mezani alione." Akafungua. Kete ya bao ilikuwepo. Sarafu ilikuwepo. Daftari lilikuwepo, na kurasa za mwanzo zenye majina yetu manne hazikuguswa. Kuanzia ukurasa wa tano ulianza mwandiko wa duara, uliokandamizwa sana: Baba Asha 3,000. Fundi 1,500, kalipa 500. Mama wa kona, fungu mbili. Kurasa tisa za madeni.

"Majina yenu sijayafuta," akasema. "Nimeanzia mbele."

Nikausoma tena mfuniko. Alilipata. Aliandika. Alilihamisha. Nikatoa simu nikapima kodineti za meza yake, dakika zikiwa na desimali tatu, kusini na mashariki, nikazituma kundini hapohapo. Nikalipia mafungu mawili. Alipokuwa ananifungia kwenye gazeti akanisogezea kile kipande cha penseli, kimebaki urefu wa kucha.

"Hii yenu imeisha, mwanangu. Ukija tena uje na nyingine."